Kazi Iliyomalizika na Mabaki Yake Kando ya Reli

Watu waonapo kazi kubwa imekwisha, hutazama kile kilichoongezeka, wala hawatazami kile kilichosalia. Reli ikijengwa, twahesabu stesheni, na mabehewa, na saa za safari zilizopungua. Ni vema kufanya hivyo, maana hizo ni faida za kweli. Lakini kando ya kila reli iliyoongezwa kuna vitu visivyohesabiwa na mtu: kivuko cha zamani kisicho na mlinzi, mti wa kuzuia magari uliolala majanini, kibao cha onyo ambacho hakuna akitazamaye, kipande cha uzio kisichozunguka kitu. Mwezi huu twataka kuuliza pamoja nanyi: vitu hivi ni vya nani? Na mtu aliyemaliza kazi yake akaviacha, je, ameimaliza kweli?

Labda mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, yatuhusu nini sisi?" Twamjibu hivi: kupima chuma na kulaza mataruma ni kazi ya mafundi, wala sisi hatuna elimu hiyo. Lakini onyo la kweli, na njia ya jirani, na uhai wa mtoto, hayo ni mambo ya kila mtu mwenye dhamiri.

Tuanze na habari yenyewe kama ilivyo. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, katika utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Upana wake baina ya chuma na chuma ni meta 1. Kwa muda wa miaka mia na zaidi mji ulikua kandokando yake. Watu walijenga huku na huku, wakakata njia za miguu juu ya tuta, wakaizoea sauti ya gari la moshi kama waizoeavyo sauti ya jogoo. Mwezi wa Oktoba 2012 zilianza treni za kuwachukua watu wa mjini asubuhi na jioni, moja kati ya Stesheni na Ubungo, na nyingine katika reli ya TAZARA mpaka Mwakanga. Mwaka 2016 safari hizo ziliongezwa kuelekea Pugu. Kisha tarehe 12 Aprili 2017 liliwekwa huko Pugu jiwe la msingi la reli mpya, na tarehe 14 Juni 2024 reli hiyo ikaanza kupakia abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Upana wake ni milimita 1,435. Treni zake huendeshwa kwa umeme, na mwendo wake waweza kufika kilometa 160 kwa saa.

Reli hii mpya imezungukwa na uzio. Barabara hupita juu yake au chini yake, na karibu na Stesheni yenyewe hupita juu ya daraja refu lenye kilometa zaidi ya 2. Lakini ile ya zamani haikung'olewa. Imebaki chini ardhini pamoja na vivuko vyake na vibao vyake, na mahali pengi hizi mbili zaenda ubavu kwa ubavu. Basi katika mtaa mmoja mtu hukutana na sheria mbili hatua chache tu mbalimbali: huku amezuiwa kabisa asikanyage, na kule ameachwa ajiangalie mwenyewe.

Siku moja tulikwenda kumtazama mgonjwa katika mtaa wa namna hiyo, pembeni mwa mji. Tulipokuwa tukirudi tulipita penye kivuko cha zamani. Kibanda cha mlinzi kilikuwa hakina paa. Kibao cha onyo, chenye mikono miwili iliyopishana, kilikuwa kimesimama bado, lakini rangi yake ilikuwa imekwisha. Mtoto wa shule alikuja akatuamkia, "Shikamoo, baba mchungaji." Tukamwitikia, tukamwuliza, "Mwanangu, kibao hiki chasema nini?" Akajibu pasipo kufikiri, "Hakisemi kitu, baba. Ni cha zamani." Kisha akainama, akapenya katika tundu la uzio wa reli mpya, akaenda zake. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi hapo aliona jinsi tulivyoshtuka, akasema, "Baba, tundu hilo walilitoboa watu wazima. Watoto wamelikuta." Tukamwuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema njia ipo, imejengwa vizuri, inapita chini ya reli, lakini kuifikia ni mwendo wa karibu nusu saa, na mtoto akichelewa shule huadhibiwa.

Maneno hayo mawili, la mtoto na la bibi, yalitusumbua usiku ule. Tulipoyapima tuliona kwamba mabaki ya kando ya reli ni ya namna tatu, na kila namna ina swali lake.

Namna ya kwanza ni onyo lililobaki mahali ambapo hatari imeondoka, au yadhaniwa kuwa imeondoka. Wengi husema onyo la namna hii halina madhara, tena afadhali maonyo mengi kuliko machache. Sisi hatukubali. Kibao ni shahidi aliyesimama njiani. Kila apitaye humwambia, "Simama, kuna hatari hapa." Mpita njia akisimama mara mia asione kitu, mara ya mia na moja hatasimama. Wala hatakidharau kibao kile kimoja tu. Moyo wake umekwisha kujifunza kudharau vibao vyote vya sura ile, hata vile visemavyo kweli. Ndivyo ilivyompata mtoto yule. Hakufundishwa na mtu kwamba onyo ni neno tupu; kibao chenyewe kilimfundisha, kwa kusimama miaka mingi pasipo mtu wa kukitunza.

Tukumbuke pia kwamba maonyo haya hayakuwekwa bure. Katika jimbo la Utah huko Marekani, tarehe 1 Desemba 1938, treni iligonga gari lililobeba watoto wa shule kivukoni, nayo theluji ilikuwa ikianguka. Dereva alikufa pamoja na watoto zaidi ya 20. Baada ya msiba huo ilikazwa sheria kwamba gari la shule lisimame mbele ya reli, mlango ufunguliwe, na dereva asikilize kwanza kabla ya kuvuka. Hata leo hufanya hivyo. Tena mahali ambapo treni hazipiti tena, huko Marekani hubandikwa kibao kidogo cha kumwachilia dereva, asilazimike kusimama. Tuliposikia habari hii tuliona ina busara. Mwenye mamlaka aliyeliweka onyo hamwachi dereva akisie mwenyewe kama hatari imekwisha, asimama na kusema, "Imekwisha." Hata kufunguliwa kwahitaji tangazo, kama vile kufungwa kulivyohitaji.

Lakini hapo mtu mwenye haraka aweza kusema, "Basi ving'olewe vyote." Hatusemi hivyo. Wasomaji wetu wa Tanga, na Korogwe, na Same, na Moshi wajua sababu. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Baadaye safari zake zilikatika kwa miaka mingi. Chuma kilifunikwa na majani, watu wakafanya tuta kuwa njia ya kwenda sokoni, na vijana wakakua wasione gari lolote likipita. Nani asingesema kwamba vibao vya huko vimekufa? Ila mwezi wa Julai 2019 treni za mizigo zilirudi, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo wakarudi abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi, na mwaka 2020 mpaka Arusha. Onyo lililodhaniwa kuwa limekufa lilikuwa limelala tu. Heri kijiji ambacho wazee wake hawakuacha kuwaambia watoto, "Hii ni reli, si njia."

Kwa hiyo swali la onyo la zamani si kama liondolewe au libaki. Swali ni kama yuko mtu ajuaye habari yake. Kibao chenye mtu anayekitunza, hata kikisimama penye reli iliyolala, ni cha kweli. Mtu huyo aweza kuulizwa, naye atajibu kwa nini kipo. Kibao kisicho na mtu ni uongo hata kama kwa bahati kinasema kweli, maana hakuna ajuaye ni lini kitaacha kuwa kweli.

Namna ya pili ni uwazi uliobaki mahali ambapo hatari mpya imeingia. Njia ya miguu ilikuwapo kabla ya uzio, na miguu ya watu haikupelekewa barua kwamba mambo yamebadilika. Zamani mtu aliposimama juu ya tuta aliweza kuliona gari la moshi mbali, tena alilisikia kabla ya kuliona. Tufanye hesabu ndogo. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa, likiwa mbali meta 400, litamfikia mtu baada ya sekunde 48. Aweza kuvuka, na kurudi, na kuokota kiatu kilichomtoka. Lakini treni iendayo kilometa 160 kwa saa hukata meta 44 katika sekunde moja. Zile meta 400 itazimaliza kwa sekunde 9. Tena ya umeme haina ngurumo ile ya zamani. Wala dereva hawezi kukwepa, na kuisimamisha kwahitaji mwendo mrefu, maana gurudumu la chuma juu ya chuma hushika kidogo tu. Basi jicho na sikio vilivyofundishwa na reli ya zamani vyamdanganya mtu mbele ya reli mpya. Aliyevuka salama miaka thelathini ndiye aliye katika hatari kuliko mgeni, kwa sababu mgeni huogopa.

Je, akiumia, kosa ni la nani? Husemwa mara nyingi, "Alionywa, akavuka kwa hiari yake." Neno hilo lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kuwafundisha watu kuwatupia wengine lawama za ukaidi wao. Lakini si kweli yote. Hata Torati ilimhukumu mtu aliyechimba shimo asilifunike: mnyama wa jirani akitumbukia, mwenye shimo ndiye wa kulipa. Hakuruhusiwa kujitetea kwamba ng'ombe ana macho. Ikiwa ndivyo kwa ng'ombe, mtoto je? Mwenye kubadili ardhi iliyozoelewa na watu huchukua juu yake deni la mazoea yao. Ametengeneza njia chini ya reli, ni vema sana. Lakini akiiweka mbali nusu saa na mlango wa shule, amejenga njia ya wenye nafasi, na tundu amewaachia wenye haraka.

Namna ya tatu ni kizuizi kilichobaki kati ya jirani na jirani. Hapa hakuna mtu anayekufa, kwa hiyo ni rahisi kusahau. Lakini kuna mama ambaye kisima chake kimebaki ng'ambo, na fundi seremala ambaye wateja wake hawamfikii tena, na wazee wawili waliozoea kuzungumza kila jioni ambao sasa waonana siku ya ibada tu. Asafiriye kutoka Morogoro apata faida ya saa nyingi, naye hapotezi kitu. Akaaye kando ya uzio apoteza nusu saa kila siku, na labda hajapanda treni hiyo hata mara moja. Hatusemi kwamba kwa ajili yake reli isijengwe. Mtu mmoja hawezi kuifunga njia ya nchi nzima. Twasema kwamba wanaopata faida wana deni kwa wanaolipa gharama, na deni hilo halilipwi kwa hotuba ya siku ya ufunguzi.

Ziko nchi zilizolikubali deni hili wazi. Katika mji wa Melbourne, huko Australia, reli za mjini zilikuwa zikikatana na barabara mahali pengi mno. Mwaka 2015 serikali ya jimbo ilianzisha kazi maalumu ya kuviondoa vivuko hivyo, kwa kuinua reli juu au kuishusha chini. Kwanza walikusudia vivuko 50. Baadaye wakaongeza hesabu iwe 110 ifikapo mwaka 2030. Twajua kwamba nchi hiyo ina fedha, na kwetu fedha ni chache. Lakini tunachokitazama si fedha. Watu wale waliyahesabu mabaki, kimoja kimoja, wakayaandika kuwa ni kazi. Kuhesabu hakuhitaji utajiri. Hata nchi maskini yaweza kuandika katika daftari: kivuko hiki kimefungwa, mti huu umeondolewa, kibao hiki kimebaki, na mwenye kukiangalia ni fulani.

Hili ndilo jibu letu kwa swali tulilouliza mwanzoni. Kazi haijamalizika hata kila baki lake lipate mwenyewe. Kumaliza si kuondoa kila kitu, wala si kuacha kila kitu. Ni kwamba asibaki hata mti mmoja uliolala majanini ambao, mtoto akiumia kwa ajili yake, kila mtu atasema, "Si wangu."

Sasa tumekwisha kusema juu ya wajenzi, nasi tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Tundu lile halikutobolewa na wajenzi. Lilitobolewa na mtu wa mtaa ule, usiku, kwa koleo lake mwenyewe. Labda alikuwa na sababu ya haki. Lakini alipokwisha kupita hakuweka kitu, hakumwambia mtu, akawaachia watoto wa jirani zake. Naye pia alichimba shimo asilifunike. Wako wengine wang'oao vibao na vyuma vya reli ili waviuze kama chuma chakavu. Huyo ameuza onyo la mwenzake kwa kilo. Na sisi tulio waalimu na wazee, tuliopita hapo mara nyingi tukatazama upande mwingine, tusiseme kwamba mikono yetu ni safi. Sisi wenyewe tulipita katika kivuko kile labda mara ishirini kabla ya siku ile, wala hatukumwuliza mtoto hata mmoja kibao kile kinasema nini.

Tena tukitazama nyumbani kwetu tutaona mabaki mengi yasiyo ya reli. Ni nani asiyejua kisima kilichochimbwa kikakosa maji, kikaachwa wazi? Ni nani hajaona msingi wa jengo uliosimama na nondo zake miaka kumi, watoto wakicheza juu yake? Na si vitu vya mawe na chuma tu. Katika nyumba zetu ziko amri ambazo sababu yake imesahauliwa, nasi twawakaza vijana wazishike pasipo kuwaambia kwa nini. Kijana akiona kwamba amri hii haina kitu nyuma yake, atadhani zote ni hivyo, kama mtoto yule penye kibao. Yatupasa tuzipitie. Ile ambayo hatari yake imekwisha, mzee na aseme wazi, "Imekwisha." Ile ambayo hatari yake imelala, na aeleze kwamba yaweza kuamka. Asiyejua sababu na aulize kabla ya kung'oa, na kabla ya kuacha pia.

Kwa hiyo twawaomba waalimu na wazee wa sharika zilizo kando ya reli, ya zamani au mpya, wafanye mambo matatu. Kwanza, watembee wenyewe katika njia ambazo watoto hupita, wavihesabu vivuko na matundu, wayapeleke majina ya mahali hapo kwa maandishi kwa wenye reli na kwa wakuu wa mtaa, na kama hawakujibiwa waandike tena. Pili, wawafundishe watoto kusimama, kutazama pande zote mbili, na kusikiliza, na kwamba treni ya sasa si gari lile la babu zao. Tatu, wazungumze na walimu wa shule, ili mtoto aliyezunguka njia ya salama akachelewa asipigwe kwa kuwa ametii.

Sisi tulirudi katika mtaa ule baada ya siku chache pamoja na wazee wawili. Tulimkuta bibi yule penye maandazi yake. Tundu lilikuwapo bado. Mzee mmoja alileta miiba akaliziba, na kila mtu alijua kwamba miiba haitakaa. Barua tumekwisha kuiandika, na mwalimu mkuu amekubali kuwangoja watoto wa ng'ambo robo saa. Majibu ya barua yakija, tutawapasha habari.